Mwano Bila Mkimbiaji: Lugha, Ukimya na Utambuzi wa Matukio Katika Machimbo ya Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Tarehe 5 Oktoba, 2015 mgodi wa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyangarata, wilayani Kahama katika mkoa wa Shinyanga, uliporomoka na kuwafukia watu waliokuwa ndani yake. Tarehe 15 Novemba mwaka huo huo, yaani baada ya siku 41, watu watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula wadudu na vyura na kunywa maji machafu yaliyopenya kutoka juu. Mwenzao wa sita alifia chini, na mmoja wa waliotolewa alifariki baadaye hospitalini. Katika muda ambao watu hao walikuwa gizani, nchi ilifanya uchaguzi mkuu tarehe 25 Oktoba, ikamwapisha Rais mpya tarehe 5 Novemba, na mitandao ya kijamii ikajaa maneno ya siasa. Kwa watu wengi waliokuwa juu ya ardhi, habari ya Nyangarata ilikuwa imekwisha kupita. Kwa watu watano ilikuwa bado inaendelea.

Mkasa huu unafaa kuwekwa mbele ya kila anayezungumzia uwezo wa kompyuta wa kutambua matukio papo kwa papo kwa kusoma jumbe ambazo watu huandika katika mitandao ya kijamii. Utafiti wa jambo hili umekua sana tangu mwaka 2010. Ni rahisi, basi, kupendekeza kwamba ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, ambako mashimo huporomoka na kuua karibu kila msimu wa mvua, uwekewe mfumo wa namna hiyo ili waokoaji wapate habari mapema. Pendekezo hilo lina heri ndani yake, na makala hii hailipingi. Kinachopingwa hapa ni dhana kwamba suala hili ni la wahandisi peke yao, na kwamba kazi inakwisha pale mashine inapotoa taarifa.

Makala hii inashikilia mambo matatu. Kwanza, mashine haisikii tukio bali husikia maneno ya watu kuhusu tukio. Kwa hiyo asiyeijua lugha ya machimbo hatalijua tukio la machimbo. Pili, ukimya wa mtandao hauna maana ya usalama, kwani wapo watu wengi wenye sababu nzito za kunyamaza. Tatu, taarifa isiyomlazimisha mtu yeyote kukimbia haiokoi mtu. Katika hili la tatu, jamii za Usukuma na Unyamwezi zina historia ambayo wataalamu wa kompyuta wangefaidika kuisoma.

2.0 Jinsi Mashine Inavyosikia

Msingi wa mbinu hii ni mwepesi kueleweka. Kompyuta hupewa mkondo wa jumbe zinazoandikwa hadharani, nayo huhesabu ni mara ngapi neno fulani hutokea kwa kawaida katika saa moja au siku moja. Neno hilo likiongezeka ghafla kupita kawaida yake, mfumo hushuku kwamba kuna jambo. Kisha jumbe zinazofanana hukusanywa pamoja, zisizohusika hupepetwa, mahali pa tukio hukisiwa, na taarifa hutolewa. Mwaka 2010 watafiti watatu wa Kijapani, Takeshi Sakaki, Makoto Okazaki na Yutaka Matsuo, walionyesha kwamba jumbe za Twitter zaweza kutumiwa hivyo kutambua matetemeko ya ardhi. Walimchukulia kila mwandishi wa ujumbe kuwa ni kama kipimo kilichotegwa ardhini. Katika matetemeko yaliyofikia daraja la 3 na kuendelea kwa kipimo cha Kijapani, waliripoti kuwa mfumo wao uliyatambua kwa kiwango cha asilimia 96. Wataalamu wa jiolojia wa serikali ya Marekani nao walifuata njia inayofanana na hiyo, kwa kuhesabu neno ‘tetemeko’ katika lugha mbalimbali.

Mafanikio hayo yana masharti yake. Tetemeko huhisiwa na maelfu ya watu kwa dakika moja. Wengi wao wako juu ya ardhi, wana simu mkononi, na lugha yao ina neno moja maarufu la kulitaja jambo hilo. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba, 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, lilikuwa na sifa za namna hiyo: lilitokea mchana, likautikisa mji wa Bukoba, na watu wa mikoa ya jirani wakalihisi. Tukio la aina hiyo hujitangaza lenyewe.

Shimo la dhahabu linapoporomoka porini, mambo huwa kinyume. Kishindo husikiwa na watu wachache walio karibu. Wanaojua zaidi ni wale walio chini, ambako simu haipati mawimbi. Walio juu hushika kamba na koleo, hawashiki simu kuandikia umma. Na wakipiga simu humpigia mwenye shimo, ndugu, au mwenyekiti wa kijiji. Habari hufika mtandaoni baada ya kufika mjini, nayo hufika ikiwa imepita midomo mitatu au minne. Aidha, idadi ya jumbe zenyewe ni ndogo. Tuseme jumbe nne tu ndizo zilizoandikwa na watu wa Nyangarata katika saa ya kwanza. Mfumo unaopima kwa wingi hauwezi kuziona jumbe nne katika wiki ambazo taifa zima linaandika juu ya uchaguzi. Tukio lenye vifo vichache na mashahidi wachache ndilo ambalo mbinu hii huliona kwa shida zaidi, na ukanda wa dhahabu umejaa matukio ya aina hiyo.

3.0 Lugha ya Machimbo

3.1 Msamiati

Msomi wa Kiswahili anapoingia katika suala hili, jambo la kwanza atakaloliona ni msamiati. Katika kamusi, duara ni umbo la mviringo. Katika machimbo ya Geita na Kahama, duara ni shimo refu linaloshuka kufuata mwamba wa dhahabu, na mwenye duara ni mtu mwenye mamlaka, mtaji na wafanyakazi. Marudio, ambayo kwa msomaji wa gazeti ni mchezo unaochezwa tena au kipindi kinachorushwa tena, kwa mchenjuaji ni mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja na ambao bado una dhahabu ya kutafutwa. Matimba ni miti ya kuzuia kuta za shimo zisianguke. Kukosekana kwa matimba ni dalili ya hatari, kama vile mawingu yalivyo dalili ya mvua. Magwangala, yaani mawe ya mabaki kutoka mgodi mkubwa ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huyatafutia riziki, ni neno ambalo limebeba ugomvi wa miaka mingi baina ya wananchi, mgodi na serikali. Mfumo usiolijua neno hilo utapitwa na ugomvi mzima.

Kwa upande mwingine, maneno ya kawaida hudanganya. Mlipuko waweza kuwa wa baruti inayopasua mwamba, jambo ambalo ni kazi ya kila siku. Waweza kuwa ajali ya baruti hiyo hiyo. Tena waweza kuwa wa kipindupindu. Kitenzi funika ni mfano bora zaidi. Mchimbaji akiandika kwamba duara limefunika watu, amepiga yowe. Kijana wa Kahama akiandika kwamba mwanamuziki fulani amefunika, amesifu tamasha. Kwa mashine inayohesabu maneno bila kuyajua mazingira yake, jioni ya tamasha itakuwa jioni ya msiba, na msiba wenyewe ukija utaonekana kuwa ni tamasha.

3.2 Sarufi ya wakati

Jambo la pili ni sarufi, na hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kutoa msaada ambao lugha nyingine hazina. Shina -fukiwa hujitokeza katika maumbo mengi: wamefukiwa, walifukiwa, wanafukiwa, watafukiwa, hawajafukiwa, waliofukiwa, na kadhalika. Mfumo uliobuniwa kwa lugha yenye maumbo machache utayahesabu maumbo hayo kama maneno tofauti, na hivyo kuipunguza nguvu ya dalili. Tatizo hili si geni wala halikosi dawa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mwaka 1992 maelezo ya mfumo wa kompyuta wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili. Ambaye leo anakihesabu Kiswahili kwa maumbo ya nje tu hana udhuru wa kutosha.

Hata hivyo, kosa la kinyume chake ni baya zaidi, nalo ni kuvua viambishi vyote na kubakiza shina. Viambishi hivyo ndivyo vinavyobeba jibu la swali ambalo mfumo mzima umeundwa kulijibu, yaani: je, jambo hili limetokea sasa? Anayeandika ‘watu wamefukiwa huku’ anatangaza hali iliyopo bado. Anayeandika ‘walifukiwa hapa’ yamkini anakumbuka msiba wa mwaka jana. Anayeandika ‘watafukiwa’ anaonya. Anayeandika ‘nusura wafukiwe’ anasimulia hatari iliyopita bila kuua, na kwa mwokoaji mwenye busara ujumbe huo wa mwisho una thamani kubwa kuliko yote, kwa kuwa unaonyesha shimo ambalo litaua kesho. Mashine iliyoyageuza yote manne kuwa shina moja imeutupa ushahidi wenyewe.

Liko jambo jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili. Vichwa vya habari vya magazeti ya Kiswahili vina sarufi yake: ‘Wachimbaji watano wafukiwa’, ‘Mgodi waua’. Kiambishi -a- hutumika kueleza jambo lililokwisha kutokea. Aliye kando ya shimo haandiki hivyo. Yeye huandika kwa -me-, tena mara nyingi huambatanisha neno la mahali kama ‘huku’, ‘hapa kwetu’ au ‘duara la’ fulani. Basi, kwa kiasi fulani, sarufi humtenganisha shahidi na mwangwi. Umbo la -me- halithibitishi jambo peke yake, kwani hata mtu wa Dar es Salaam aweza kuandika ‘wamefukiwa’ baada ya kusoma gazeti. Lakini jumbe mia za ‘wafukiwa’ zaweza kuwa ni habari moja iliyorudiwa mara mia, ilhali jumbe tatu za ‘wamefukiwa huku’ kutoka kwa watu watatu wasiofahamiana zaweza kuwa ni mashahidi watatu.

Inawezekana kujibiwa kwamba programu kubwa za lugha za siku hizi zimekwisha kujifunza Kiswahili, na kwamba hofu hizi ni za jana. Jibu hilo halitoshelezi. Kiswahili kilichoandikwa kwa wingi, na ambacho programu hizo zinakipata kwa urahisi, ni cha magazeti, cha ofisi na cha vitabu vya dini. Hicho ni Kiswahili cha mwangwi. Lugha ya mashimo, inayochanganyika na Kisukuma na lugha nyingine za watu waliofuata dhahabu kutoka kila upande wa nchi, imeandikwa kidogo sana, na iliyoandikwa haijakusanywa.

3.3 Majina ya mahali

Jambo la tatu ni majina. Ni sehemu ndogo tu ya jumbe zinazoonyesha mahali zilipoandikiwa, kwa hiyo mfumo hulazimika kukisia mahali kwa kusoma majina. Katika ukanda huu majina ni mtego. Nyangarata huandikwa pia Nyangalata, na Rwamgasa huandikwa Lwamgasa, kwa sababu tofauti ya r na l haina uzito huo katika vinywa vya wenyeji. Bulyanhulu huandikwa mara nyingine Bulyankulu, na hapo huwa karibu sana na Ulyankulu, makazi ya wakimbizi wa Burundi katika mkoa wa Tabora. Nyarugusu ya Geita ni mji wa dhahabu, lakini Nyarugusu ijulikanayo zaidi duniani ni kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma. Mwokoaji anayetumwa na mashine isiyojua hayo atapelekwa mamia ya kilomita mbali na shimo.

4.0 Lisemwalo na Lisilosemwa

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yaweza kuchukuliwa kuwa kaulimbiu ya mbinu inayojadiliwa hapa. Ina kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba lisemwalo huenda lisiwepo wala lisije. Mwezi Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi la Tanzania katika mtandao wa X iliingiliwa na wahalifu, na kupitia akaunti hiyo zikatangazwa habari za uongo, zikiwemo za kifo cha Rais. Mfumo wowote unaozipa akaunti za serikali uzito mkubwa kuliko za raia ungehesabu kwamba tukio limethibitishwa. Funzo lake ni kwamba cheo cha msemaji si ushahidi wa tukio.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Methali haisemi kitu kuhusu lisilosemwa. Katika machimbo, ukimya una sababu zake. Mwenye duara asiye na leseni anajua kwamba habari ya ajali italeta polisi na kufungwa kwa shimo. Mchimbaji aliyeingia usiku katika eneo la kampuni kubwa hawezi kutangaza kwamba mwenzake amekwama humo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliifanya taarifa ya uongo au ya kupotosha kuwa kosa la jinai, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikawataka wenye blogu kulipia leseni. Haihitajiki kuingia katika mjadala wa uzuri au ubaya wa sheria hizo ili kuona athari yake katika suala hili: mtu asiye na hakika ya idadi ya waliofukiwa, ambaye ndiye shahidi wa kawaida wa dakika za kwanza, anaona heri anyamaze.

Tena yapo nyakati ambapo mlango wenyewe hufungwa. Baada ya tukio la Mei 2025, mtandao wa X ulizuiwa nchini. Tarehe 11 Agosti mwaka huo huo watu 25 walifukiwa katika machimbo ya Nyandolwa mkoani Shinyanga. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa katika nchi nzima. Mfumo uliotegwa katika mtandao uliofungwa hautoi taarifa ya kwamba umezibwa masikio. Hutoa taarifa ya kwamba hakuna tukio. Hatari ya hali hiyo ni kubwa kuliko ya kutokuwa na mfumo kabisa, kwa maana asiye na mfumo anajua kwamba hajui.

Bulyanhulu ya mwaka 1996 inafaa kutajwa hapa. Mwezi Agosti mwaka huo wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo, na mashimo yakafukiwa. Yalitolewa madai kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Mwaka 2002 ofisi ya ukaguzi na malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia ilieleza kwamba haikupata ushahidi wa kuyaunga mkono madai hayo, nao wanasheria wa chama cha utetezi wa mazingira cha LEAT wakashikilia kwamba uchunguzi huru ulihitajika. Makala hii haiwezi kuukata ubishi huo. Kinachostahili kuonwa ni chanzo cha ubishi kudumu: hapakuwa na hesabu ya kuaminika ya watu waliokuwa chini. Atakayesema kwamba simu za leo zingeumaliza ubishi huo anakosea. Simu zingeongeza idadi ya wadai na idadi ya wakanushaji. Hesabu ya watu ingebaki kukosekana kama ilivyokosekana.

5.0 Mwano na Mkimbiaji

Mfumo wa kutambua matukio papo kwa papo haukuanza na kompyuta. Miaka ya 1981 na 1982 vikundi vya Sungusungu vilichipuka katika maeneo ya Kahama na jirani zake, wakati wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi uwezo wa polisi. Wanazuoni kama Ray Abrahams na Sufian Bukurura wameeleza jinsi vikundi hivyo vilivyotegemea desturi ya kale ya mwano, yaani yowe la hatari. Aliyeona hatari alipiga mwano. Aliyeusikia aliupokea na kuupeleka mbele. Wanaume walitoka na silaha zao na kuziba njia, na habari ilivuka vijiji vingi kabla mwizi hajafika mbali.

Ukiulinganisha mwano na mfumo wa kompyuta, tofauti tatu hujitokeza. Ya kwanza, sauti ya mpigaji ilijulikana; msikilizaji alijua ni ya boma gani, na kama ni ya mtu wa kuaminika au ni ya mlevi. Ya pili, mwano wa uongo ulikuwa na aibu yake na adhabu yake. Ya tatu, na iliyo kubwa kuliko zote, kuusikia mwano kulikuwa ni kuwajibika. Aliyeusikia asitoke alitozwa faini. Wataalamu wa kompyuta wamezishughulikia kwa bidii mbili za kwanza, wakizibuni njia za kupima uaminifu wa waandishi na kuzichuja habari za uongo. Ya tatu wameiacha, kwa kuwa haimo ndani ya mashine.

Haifai kuutukuza mwano kupita kiasi. Historia ya Sungusungu ina damu ya watu wasio na hatia. Vikongwe walituhumiwa uchawi, na watu waliadhibiwa kwa maneno ya jirani tu, kwa sababu jamii iliyozoea kukimbia haikusimama kuuliza. Mfumo wa kompyuta unaweza kurudia kosa hilo hilo kwa kasi kubwa zaidi. Isitoshe, chombo kinachoweza kutambua kwamba duara limetitia kinaweza vilevile kutambua kwamba wachimbaji wa magwangala wanapanga kukutana kudai haki yao. Nani atakishika chombo hicho, na atawajibika kwa nani, si swali la pembeni.

Mifano miwili ya nje ya ukanda huu inaonyesha njia iliyo bora. Mapema mwaka 2008, wakati Kenya ilipokumbwa na ghasia baada ya uchaguzi, kikundi cha Wakenya na marafiki zao kilianzisha mfumo wa kukusanya habari za matukio kutoka kwa raia na kuziweka kwenye ramani. Waliupa jina la Kiswahili, Ushahidi, na jina hilo lilieleza nia yao: kila habari ilichukuliwa kuwa ni neno la shahidi, la kupokelewa na kupimwa. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoiangamiza Port-au-Prince tarehe 12 Januari, 2010, maelfu ya watu wa Haiti walituma jumbe za simu kwa Kikrioli, lugha ambayo waokoaji wengi wa kigeni hawakuijua. Wahaiti waliokuwa ng'ambo walijitolea kuzitafsiri usiku na mchana na kueleza mitaa iliyotajwa iko wapi. Kilichofanya jumbe hizo zisomeke ni wenye lugha yao.

Machimbo yenyewe yana funzo lake pia. Mwezi Januari 2017 watu 15 walifukiwa katika mgodi mmoja wa Nyarugusu, Geita; 14 kati yao walikuwa Watanzania na mmoja Mchina. Baada ya siku tatu wote 15 walitolewa hai. Idadi yao ilijulikana mapema, na anayejua kwamba wako 15 hawezi kuridhika kwa kutoa 14. Nyangarata inafundisha upande wa pili wa jambo hilo. Kuporomoka kwa mgodi kulijulikana. Lililokosekana ni kujua kwamba chini bado kuna watu hai. Utambuzi wa matukio hujibu swali la lini kazi ya uokoaji ianze. Haujibu swali la lini ikome, na watu watano wa Nyangarata walikuwa wamefungwa ndani ya swali hilo la pili. Daftari lililo mlangoni mwa duara, linaloandikwa kila anayeshuka na kufutwa kila anayepanda, lingeokoa watu ambao hakuna mashine itakayowasikia.

6.0 Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, idara za Kiswahili zina kazi nne ambazo hakuna atakayezifanya kwa niaba yao. Ya kwanza ni kukusanya msamiati wa machimbo kwa kukaa na wachimbaji, wachenjuaji na mama lishe wa machimboni, kwa kuwa lugha hiyo haimo katika maktaba. Ya pili ni kuandaa hazina ya jumbe halisi zilizobainishwa kwa mkono kuhusu wakati, hali na nafasi ya msemaji, ili shahidi atenganishwe na mwangwi. Na majina ya watu yafutwe humo ili msaada usigeuke kuwa upelelezi. Ya tatu ni kutengeneza orodha ya majina ya mahali pamoja na namna zote yanavyoandikwa na wenyeji. Ya nne ni kuwaambia wazi wanaonunua na kuuza mifumo hii kwamba uamuzi wa kusema ‘hakuna tukio’ hauwezi kuachiwa mashine katika eneo ambalo watu wana sababu ya kunyamaza.

Kazi hizo ni za kiisimu, na wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta mada za tasnifu wanaweza kuzianza bila kusubiri mitambo ya gharama. Lakini zitakuwa na maana iwapo tu, kando ya mashimo, kutakuwa na daftari la walioshuka, kamba, matimba, na watu waliofunzwa ambao ni wajibu wao kutoka mara wanapoitwa. Waliounda mwano walilijua hilo. Hawakuuliza kwanza yowe litafika umbali gani. Walikubaliana kwanza nani atakimbia.